Inda ya Nani

Daktari alikuwa anakula dagaa wa kukaanga kwa mkono uleule ambao dakika moja kabla ulikuwa ndani ya glavu. Dagaa walitoka mwaloni Katonga asubuhi ile, wamemwagwa kwenye kipande cha gazeti, na kando ya gazeti, pasipofika shubiri moja, ilikaa chupa ya mdomo mpana. Ndani ya spiriti kilielea kitu cha rangi ya maziwa yaliyochacha. Mafuta ya dagaa yalikuwa yameacha alama ya kidole kwenye chupa. Niliitazama alama ile hadi mate yakanijaa mdomoni, na hayakuwa mate ya njaa.

"Karibu," akaniambia, akinisogezea gazeti.

Ilikuwa miaka ile Warundi waliokimbia vita wakishuka kwenye boti kila siku na magodoro kichwani. Mimi, binti wa Kiha wa mtaa wa Mwanga niliyemaliza shule nikakosa kazi, nilipata kibarua cha kutafsiri katika zahanati ndogo ya Katubuka. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo nilijiona najua. Daktari alikuwa mtu wa Dar, hakujua hata salamu yao. Alichunguza jambo moja tu, na alilipenda kama mtu anavyompenda mchumba: glaikojeni, sukari ya akiba, katika matumbo ya watoto waliotoka kabla ya kukomaa.

Siku sita nyuma, mwanamke aliyefika kwa boti aliharibikiwa na mimba ya miezi mitatu. Daktari alisimama kando ya kitanda chake akaniambia, "Mwambie tunaomba tumbo, tulichunguze." Nikamwambia *inda*. Kwetu tumbo ni inda. Mimba pia ni inda. Mwanamke alikuwa anatetemeka kwa homa. Akajibu, "Ego," yaani ndiyo, akafunua blanketi hadi kitovuni.

Nililiona blanketi likifunuliwa. Nikamgeukia daktari nikasema, "Amekubali."

Sasa homa ilikuwa imemwachia. Alikaa kwenye benchi nje, akisubiri lori la kwenda kambini saa sita, na alinituma niulize mtoto wake yuko wapi, amzike kabla lori halijaja.

"Njoo kwanza uone," daktari akasema, akanisogeza kwenye hadubini.

Kwenye kioo chini ya lenzi niliona kiduara cha mikunjo, laini kama ua linalojikunja, na ndani ya mikunjo wekundu wa zambarau mbivu.

"Wekundu huo ndio sukari. Huyu hajaonja tone la maziwa, ini lake lenyewe bado linajifunza kuweka akiba, lakini utumbo umeshajiwekea chakula cha kujijengea. Si ajabu, mdogo wangu?"

Ilikuwa ajabu. Ilikuwa nzuri pia, na uzuri wake ulinichefua kuliko ile chupa. Mama wa kiduara kile alikuwa ametembea porini hadi kwenye boti akitafuna mihogo mibichi.

"Mama yake anamtaka," nikasema.

"Si alikubali? Wewe ndiye uliyeniambia."

Nikatoka. Nilimweleza yule mama kila kitu, polepole, na kila neno lilinuka mdomoni mwangu.

"Inda ya nani?" akaniuliza kwa Kirundi.

"Ya mtoto."

"Nilidhani anataka kutazama tumbo langu mimi. Nikajifunua mbele ya mwanamume, nikasema sawa, anitibu." Akatema mate karibu na kandambili zangu. "Kwenu Uha, binti, tumbo la mtu na la mwanawe ni moja?"

"Mwache huyo," akadakia bibi mmoja kwenye foleni. "Ni kasuku wa daktari. Kasuku anajua anachosema?" Benchi zima likacheka, kicheko kikavu.

Mama aliinuka akaingia mwenyewe. Daktari alijifuta mafuta kwenye koti jeupe, akampa chupa. Mama akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha. Kisha akanyoosha kidole kwenye hadubini.

"Na aliyebaki pale?"

Nikatafsiri.

"Vioo vinabaki," akasema daktari. "Utafiti huu ni wa miezi mingi. Mwambie ni kipande chembamba kuliko karatasi, hata hakionekani."

Nilimwambia hivyo hivyo, chembamba kuliko karatasi, na nikajisikia mchafu hadi kwenye kucha. Honi ya lori ikalia. Mama alisimama akitazama vile vioo, kisha akaifunga chupa kwenye kitenge, akaibeba kifuani akaondoka. Alikuwa anakwenda kumzika kambini mtoto aliyepungua, na hakukuwa tena na muda wa kugombana.

"Anayefuata!" daktari akaita.

Akainuka mwanamke mwenye mimba kubwa. Nikatangulia mlangoni kama kawaida yangu. Akanizuia kwa kiganja, wazi, bila hasira.

"Wewe kaa nje," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza sokoni. "Mimi nasema mwenyewe."

Akaingia, akafunga mlango. Nilikwenda kukaa kwenye benchi, na wale wanawake wakasogea, wote, hadi ncha ya pili.