Sarafu ya Liwali

Kwa miaka mitatu nilimtunza mzee mmoja wa Kibelgiji pale mtaa wa Saint-Gilles, Ubelgiji. Alikuwa mwalimu wa historia, kisha macho yakamzimika. Kila asubuhi, nikishamwogesha na kumpa kahawa, alininyooshea kiganja: "Niletee liwali wangu."

Ilikuwa sarafu ya fedha, ya kale mno, ya liwali aliyetawala jimbo chini ya mfalme wa Uajemi. Upande mmoja kilichorwa kichwa chake: ndevu, na kofia laini iliyofunika masikio. "Alikuwa mtumishi wa mfalme," mzee aliniambia, "lakini uso alioupiga chapa ni wake mwenyewe. Ujasiri gani huo!" Ukingoni palikuwa na ufa mdogo, na kidole gumba cha mzee kilizoea kutulia humo.

Jumapili moja mwanawe alikuja, baba akiwa amelala. Mbele ya macho yangu alifungua kijaluba ilimohifadhiwa ile sarafu, akaichukua, akaweka nyingine ya kuiga, ya dukani.

"Haoni, madame," alisema. "Usimsumbue na mambo haya. Karatasi zako za kazi nazitia saini mimi."

Kesho yake mzee alinyoosha kiganja, nikampa. Kidole kikazunguka ukingo mara moja, kikazunguka tena polepole.

"Madame, hii ni ile ile?"

"Ni ile ile, monsieur."

Alinirudishia. Tangu siku hiyo hakuniomba tena. Mazungumzo yetu yakabaki ya dawa na mvua. Hakumshtaki mwanawe, wala mimi hakunilaumu. Afadhali angenifukuza.

Nilimsimulia rafiki yangu, msusi wa Matonge, mtaa wa Wakongo, akiwa ananisuka.

"Bon, mama, ulifanya nini mubaya? Kitu ni cha baba yake, na yeye ni mutoto wake. Wewe unaingilia wapi?"

Sikuwa na uchungu wa mali ya watu. Mzee aliniuliza mimi kwa sababu macho aliyobakiwa nayo yalikuwa yangu, nami nikamdanganya nikiwa nimeshika kikombe chake cha kahawa, sauti haikutetemeka hata kidogo.

Alifariki Februari. Mazikoni mwanawe alinishukuru mbele ya jamaa wote kwa uaminifu wangu, akanipa mkono. Nikaupokea.