Gari Linaloitwa Pole Sana

Haya, leo nasimulia mwenyewe, maana kila nikikaa na watu lazima atokee mmoja wa kujikoholesha halafu aseme, "Mama Tuma, tuambie ile siku uliyomlilia mama yako akiwa hai." Ndiyo, nililia. Nililia mpaka kilemba kikadondoka, nikagaragara na gauni jipya uwanjani kwetu Isansa, kijiji kizima kinatazama. Aibu niliipata na sikatai, ila anayesema nilinunua gari bila kuchunguza, huyo nitabishana naye mpaka asubuhi.

Nilichunguza. Wakati huo nauza maharage na mchele pale Mpemba, nimechoka kusubiri magari ya watu, na kaka yangu Yohana (mkubwa wetu, yuko Isansa na kahawa zake) alishasema mbele ya ukoo kwamba mimi nikienda kununua gari nitauziwa bati lililopakwa rangi. Basi niliposikia kuna Hiace nyeupe yenye mstari wa zambarau inauzwa Tunduma mjini, nikaenda na fundi Siame, mtu ambaye hana utani na injini. Akaingia uvunguni, akachomoa stiki ya oili akainusa, akalipandisha mlima, akalinganisha namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi. Mimi nikauliza madereva, nikauliza mawakala wa mpakani, nikauliza hata wale wanaobadilisha kwacha, kama si gari la wizi. Safi kabisa.

"Dada, hii injini imetunzwa," Siame akaniambia. "Aliyekuwa anaiendesha hakuwa na haraka hata siku moja."

Viti vya nyuma havikuwepo, nikaona ndiyo vizuri, nitapakia magunia. Mwenye gari, mzee mmoja mpole aliyevaa koti jeusi na jua lile (hapo ndipo ningeshtuka), akanipa ufunguo huku akisema, "Mama, abiria wangu hawajawahi kulalamika. Huko vijijini Mbozi wanaliita Pole Sana." Nikacheka, nikajua ni kwa ajili ya mwendo wake wa polepole. Nyie mnaojifanya wajanja, mngeelewa nini?

Kosa langu ni moja, na wala si la gari. Mama alikuwa amelazwa hospitali, amepasuliwa tumbo, na siku anaondoka kijijini hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba watu walishaanza kuongea kwa sauti ya chini. Alipopewa ruhusa nikasema simpigii Yohana simu, tena nikaizima yangu. Nilitaka nimtokee uwanjani na gari langu, mama mzima yumo ndani, nione ule mdomo utasema nini.

Nikatandika godoro kule nyuma, mama akajilaza. Daktari alikataza asitikiswe, kwa hiyo tulipoacha tu lami nikaanza kutambaa kama kinyonga. Vumbi likawa jingi, nikawasha taa. Mama naye, kwa vumbi hilohilo, akajifunika kanga gubigubi, dawa zikampitia akalala fofofo. Nyie mnaona picha hiyo sasa. Mimi niliyekuwa nashika usukani sikuiona.

Wa kwanza kutuona ni wanawake waliokuwa wanageuza kahawa kwenye vichanja. Mmoja akaweka mikono kichwani, mwingine akakaa chini. Nikawapungia mkono, wasinijibu, nikasema moyoni ndiyo wivu umeanza. Mbele kidogo nikaona kwenye kioo watu wanatufuata kwa miguu, wanaume wamevua kofia. Halafu kengele ya kanisa ikaanza kugongwa, na siku yenyewe wala haikuwa Jumapili.

Naingia uwanjani nakuta wanawake wanalia. Nikajua kuna msiba nyumbani, na sikupata habari kwa sababu ya huo ujinga wangu wa kuzima simu. Nikashuka, wifi yangu Lusia (mke wa Yohana) akanirukia shingoni kwa kilio, na mimi ningefanya nini? Nikalia. Nikamlilia baba mdogo, nikamlilia shangazi, nikawalilia wote kwa pamoja maana sikujua ni yupi, na kuuliza nikaona haya. Nikaenda chini nikagaragara. Sasa binti wa mgonjwa akishuka kwenye gari lile akagaragara, nani atauliza tena? Kilio kikapanda maradufu.

Katikati ya kilio, Lusia akanyamaza kidogo, akachungulia dirishani, akamwambia jirani, "Hilo godoro msije mkalitupa, litanifaa." Kisha akaendelea kulia. Nikajiuliza godoro gani.

Yohana akatokea na wanaume wenye majembe na sururu, macho mekundu. Nikamshika mkono.

"Kaka, ni nani?"

"Nani vipi?"

"Aliyefariki."

Akanitazama kama amesikia vibaya. "Dada, unaniuliza mimi? Si umemleta wewe?"

Kabla sijafungua mdomo, mlango wa nyuma ukafunguliwa, mzee wa kanisa akainua mkono kuanza sala, na mama, kwa zile kelele, akaamka. Akaketi. Akajifunua kanga. Mzee wa kanisa ndiye aliyetangulia kukimbia, na kwa umri wake sikujua kama bado anaweza kuruka michongoma.

Mama akawaangalia waliobaki. "Majembe ya nini?"

Wenye majembe wakayaficha mgongoni.

"Yohana. Mlikuwa mnakwenda kuchimba wapi?"

Kaka akaonyesha kwa kidole. "Pale, mama. Kwenye migomba."

"Migomba yangu?"

"Pana kivuli, mama."

"Mng'oe ndizi zangu ili nilale mimi? Rudisha majembe. Na wewe Lusia, godoro hili nalilalia."

Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba miaka yote gari lile ndilo lililokuwa linarudisha maiti vijijini kutoka hospitali, taa zinawaka, mwendo wa taratibu, na likipita kila mtu anasema pole sana. Nilitamani niingie uvunguni nisitoke. Yohana, badala ya kumshukuru Mungu, akaniambia, "Liuze kesho. Umetutia aibu." Mama ndiye aliyemjibu. "Haliuzwi. Limenirudisha mzima, hilo."

Na sikuliuza, wala siliuzi. Nikija kununua jingine nitamwachia Siame injini, mimi nitakwenda vijijini linakopita niulize linaitwaje na kwa nini, na nisipopata jibu la kueleweka sitoi hata shilingi. Ila hili ni langu. Linabeba maharage, halijawahi kunilaza njiani, na hakuna anayeniomba lifti.

Isipokuwa Yohana. Msimu wa kahawa uliofuata alikosa gari la kupeleka magunia yake, akaja Mpemba mwenyewe, hana maneno mengi. Nikampakilia. Akakaa mbele, akashusha kioo, akatoa mkono nje na kupungia vijiji vyote tulivyopita, ili watu waone kwamba yu hai.

Mimi nikapunguza mwendo, nikawasha taa.