Chumba Kisichokubali Pangaboi

Ukiingia Buyenzi, hapa Bujumbura, ukamuulizia Yaseen wa mapangaboi, utaoneshwa njia na mtu yeyote, hata na wale wasiompenda, maana hao nao amewafungia pangaboi. Zaidi ya nusu ya umri wake ameutumia juu ya ngazi, akitoboa boriti na kuning'iniza yale mapanga matatu ambayo watu wa mji huu huyaita vantilateri, kisha kushuka na utando wa buibui kwenye kofia. Amefunga kwenye maduka ya vipuri, amefunga misikitini, amefunga kwenye sebule za Waarabu wa zamani zenye kuta ndefu mpaka ngazi inaona haya. Si msemaji, lakini ukimchokoza kwenye habari ya pangaboi utajuta, kwa sababu hatanyamaza.

Kila mteja lazima asikie neno lake, atake asitake: pangaboi halipozi chumba, linampoza mtu. Ukitoka, lizime. Linakula umeme mdogo, kweli, lakini hata huo mdogo usiupulizie viti vitupu. Weka dari zuri, acha madirisha wazi, lining'inize juu ya pale unapokaa, na hiyo klimatizeri, kiyoyozi cha kukufilisi, waachie wenye mabenki. Watu walimcheka, lakini walimsikiliza.

Na mtu huyu, nyumbani kwake hakukuwa na pangaboi hata moja. Kinyozi hajinyoi, walisema barabarani, na wakacheka tena. Walicheka kwa kuwa hawakuwahi kuingia ndani. Nyumba aliachiwa na babake, ya matofali ya udongo, na kuta zake ni fupi kama zilivyojengwa zamani na watu waliokuwa na haraka ya kupata pa kulala. Chini ya mabati kulikuwa na dari la mbao nyembamba alilolipigilia mwenyewe alipooa, ili moto wa mabati usiwashukie vichwani. Akinyoosha mkono analigusa. Chini ya dari lile yeye na mkewe Mwanne waliishi miaka yao yote, wakamlea binti yao Nura mpaka akaolewa Gitega, kule milimani kwenye baridi. Joto lilikuwepo, lakini lilikuwa joto la kawaida, la kulalamikia kidogo na kuendelea na shughuli.

Kisha moyo wa Mwanne ukaanza kuchoka. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa, mpika sambusa ambazo mwezi wa Ramadhani watu walizifuata kutoka Nyakabiga, na sasa kutoka jikoni hadi mlangoni anasimama mara mbili kutafuta pumzi. Miguu ikavimba. Daktari akampa vidonge, akasema na jambo jingine: asikae kwenye joto. Asikae kwenye joto! Bujumbura, mwezi wa tisa, mvua haijatia hata nia ya kunyesha, na unamwambia mtu asikae kwenye joto kama unavyomwambia asikae kwenye njia ya ng'ombe.

Kufungua dirisha haikuwezekana. Jirani yao Marcellin hupuliza rangi magari uani kwake. Marcellin si mtu mbaya. Aliposikia kuna mgonjwa alihamishia kazi upande wa pili wa ua, lakini harufu ya rangi haina adabu, huingia bila hodi. Yaseen akaleta pangaboi la kusimama, akaliweka kando ya kitanda. Mwanne akageuza uso.

"Zima, Baba Nura. Inaniziba pumuzi."

"Niigeuze kwa ukuta?"

"Apana. Mi nataka upepo ya juu, ile ya musikiti. Ile haigombane na mutu."

Basi akampeleka msikitini. Mapangaboi ya upande wa wanawake aliyafunga kwa mikono yake, paa ni refu, milango iko pande zote mbili, na hata mchana wa kiangazi mtu akikaa pale husahau kwamba nje watu wanaungua. Baada ya swala ya adhuhuri Mwanne alijilaza kwenye mkeka pembeni, wanawake wenzake wakampisha, naye akalala usingizi ambao nyumbani alikuwa ameusahau. Yaseen alikaa nje kwenye kizingiti karibu na viatu, akisikiliza mapanga yanavyokata hewa. Kwa mlio tu alijua yako sawa. Wakawa wanakwenda kila siku, polepole, wakipumzika kwenye kila duka lenye kivuli, na Yaseen akaanza kuamini kwamba wamepata dawa. Aliamini kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuja kumuumiza.

Maana miguu ya Mwanne ilizidi kuvimba, mpaka siku moja ikakataa njia. Marcellin akatoa mkokoteni wake wa kubebea milango ya magari, akautandika godoro. Mwanne aliuangalia mkokoteni ule kutoka kitandani.

"Watu waone nasukumwa kama mufuko ya mihogo? Mi ntakufia hapa hapa, nguo zangu zikiwa mwilini."

"Hakuna mutu atacheka, Mama Nura."

"Hawatacheka. Watanihurumia. Iyo ndio mi sitaki."

Hakumlazimisha. Alikuwa hajawahi kumlazimisha jambo, akaona kuanza sasa ni kumwongezea ugonjwa.

Akarudi kwenye kile alichokijua. Alitafuta pangaboi lenye fimbo fupi kuliko zote, akalibana kwenye dari juu ya kitanda. Likazunguka, likalia, na chini hakushuka kitu. Pangaboi huvuta hewa kutoka juu yake. Likibanwa na dari halina cha kuvuta, linajichosha bure. Na ukirefusha fimbo, mapanga yanashuka usawa wa utosi wa mtu. Haya yote aliyajua. Alikuwa amewaambia wateja maneno hayo hayo, na wengine aliwakatalia kazi na pesa yao. Bado alilifunga, akalala chini yake akiinua kiganja, akingoja upepo, mpaka aibu ikamshika akalishusha.

Asubuhi moja Mwanne aliamka akilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalikuwa yakimtoka tu, na hilo lilimtisha Yaseen kuliko kelele.

"Plafo ndio inatuzuia," Mwanne akasema akilitazama dari. "Itoe. Vantilateri ipande pale juu, karibu na mabati, ipate nafasi."

"Mama Nura, mabati..."

"Itoe, bwana wangu. Mi nachoka."

Hapa ndipo mtu anataka kumshika Yaseen mkono. Alijua, jamani. Hakuna mtu Buyenzi nzima aliyejua kumshinda kwamba ukifunga pangaboi chini ya mabati matupu, hewa yote iliyoivia kule juu inasukumwa chini kwa waliolala. Lakini alimwangalia mkewe, akaona kwamba akisema hapana atakuwa amemnyang'anya tumaini la mwisho kwa mkono wake, na hana jingine la kumpa mahali pake. Akachukua nyundo. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa kwa ndani, zikashuka vipande vipande na vumbi la miaka yote. Akafagia, akamfuta mkewe uso, akaning'iniza pangaboi kwenye boriti, juu kabisa, kwa urefu ambao chumba kile hakikuwahi kuwa nao.

Mabati yalikuwa bado na baridi ya asubuhi. Alipowasha, upepo ukashuka mpana na mpole, ukaichezesha kanga ya Mwanne mabegani. Mwanne akafumba macho. Akacheka, kile kicheko chake, nusu yake tu, lakini kilikuwa chenyewe.

"Unaona?" akasema. "We ulikuwa unanificha hii siku zote."

Yaseen akakaa kwenye kigoda, akawaza labda alikosea, labda nyumba hii ina siri yake. Mtu mzima na akili zake akaomba jua lisipande.

Likapanda. Kabla ya adhuhuri mabati yakaanza kulia ta, ta, ta, kama yafanyavyo yanapopanuka, na upepo ukabadilika. Ukawa mzito, kisha ukawa wa moto, ukishuka juu ya kitanda bila kupumzika. Yaseen aliona jasho likimjaa Mwanne juu ya mdomo. Mwanne akalifuta kwa pindo la kanga. Alijua mumewe amevunja dari la nyumba yake kwa ajili yake, akaona heri avumilie. Na Yaseen hakunyoosha mkono kuzima, kwa sababu kuzima ni kukiri, na kukiri ni kumwambia kwamba hakuna tena la kufanya. Wakakaa hivyo, kila mmoja akimlinda mwenzake, na moto ukawashukia wote wawili. Mpaka pumzi ya Mwanne ikaanza kukatika.

"Zima," akanong'ona. "Zima, Baba Nura. Unisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Yaseen akazima, akatoka uani, akasimama akiuangalia ukuta wa Marcellin bila kuuona. Ameruka majivu, amekanyaga moto. Dari halikuweza kurudi, mbao zilikuwa kuni tu. Na chumba bila dari kilikuwa tanuri.

Akampigia Nura simu, akamwambia kila kitu. Nura alishuka kutoka Gitega kesho yake. Aliingia, akatazama juu kwenye mabati, akatazama chini kwa mamake, akatoka nje na kumkuta babake.

"Baba, mi naenda na mama. Kule iko baridi. Uthmani mwenyewe amesema nisirudi bila yeye."

"Mumeo ni mutu muzuri."

"Na wewe uje."

"Mi nilale kwa mukwe wangu, nimuone akitoka kuoga? Apana, mwanangu. Na Gitega nani anafunga vantilateri? Nitakula nini, nitakula baridi?"

Alitaka kufanya mzaha, lakini haukutoka. Akaingia ndani. Mwanne alikuwa amesikia yote, kuta zile hazina siri. Alimwangalia mumewe akingoja, na Yaseen naye akangoja, kwa sababu ndani kabisa alitamani mkewe akatae. Mwanne hakukataa.

"Nenda," Yaseen akasema. "Mvua ikianza, nyumba ikipoa, nitakuja kukuchukua."

"Inshallah," Mwanne akajibu.

Wakaondoka, na Yaseen akakaa akiingoja mvua kuliko wakulima. Alikataa kazi za mbali asije akakosa siku yenyewe. Akamleta fundi wa kuta kuuliza kama zinaweza kuongezwa. Fundi akagonga tofali moja kwa kidole, udongo ukamwagika, akaondoka bila kutaja bei. Jioni Yaseen alikula kwa mama ntilie wa mtaa wa Jabe, akarudi kulala mlangoni penye hewa. Kitanda hakukigusa.

Mvua ya kwanza ilipiga alasiri moja, nzito, yenye upepo kutoka ziwani. Ndani ya muda mfupi chumba kikapoa mpaka akatafuta shati. Akapiga simu Gitega, akilazimika kupaza sauti juu ya kelele za mabati.

"Mama Nura! Mvua imekuja! Unaisikia?"

"Naisikia."

"Nyumba imepoa. Imepoa sana. Kesho mi napanda kuja kukuchukua."

Yaseen akabana simu sikioni. Alimsikia akivuta pumzi, na ilikuwa pumzi ndefu, nzima, ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

"Baba Nura, mi huku nalala. Nalala usiku yote, wananifunika na bulangeti."

"Hata huku sasa utalala. Nakwambia imepoa."

"Imepoa leo. Mvua itaisha, joto itarudi, na we utapanda tena ngazi. Unitumie nguo zangu zenye zilibaki."

"Ngapi?"

"Zote."

Yaseen akajibu kwamba atazituma na basi la asubuhi. Na kwa kuwa hakutaka amsikie akilia, akasema mvua imezidi, hasikii vizuri, akakata simu.