Mwayo wa Mama Pacha

Mtaani walimwita Fyuzi, maana hakuna hitilafu aliyoitiwa asianze kuilaumu fyuzi. Alikuwa fundi umeme wa siku nyingi, na mbishi wa kuzaliwa.

Mkewe, Mama Pacha, alipopooza upande wa kulia, daktari alitaka kumrahisishia Fyuzi mambo. Akamwambia mishipa ya fahamu ni kama nyaya: ubongo ni swichi, mkono ni taa, na hapo katikati waya umekatika. Heri angenyamaza. Kumwambia fundi umeme neno kama hilo ni kumkabidhi bisibisi.

Fyuzi alikubali kwa shingo upande. Akawa anamvisha mkewe, anamlisha, anamchana nywele, mpaka wakazoea. Kisha asubuhi moja Mama Pacha, angali kitandani, alipiga mwayo mrefu, na ule mkono uliokufa ukainuka wenyewe hadi kifuani, ukaanguka. Fyuzi alilia kwa furaha. Taa ikiwaka hata mara moja tu, waya upo; kanuni hiyo ilikuwa haijamdanganya maishani.

Basi kazi za watu akaziweka kando. Kutwa ikawa inua, inua tena. Mama Pacha alijitahidi hadi jasho likamtoka, mkono usitikisike. Akipiga mwayo, huo unapaa. Furaha ya Fyuzi ikageuka shaka, shaka ikageuka hasira, na siku moja neno likamponyoka.

"Mama Pacha, unaweza. Hutaki tu."

Mkewe alimtazama, machozi yakimtiririka, na mkono mzima wa kuyafuta Fyuzi alikuwa ameukalia, ili alazimike kuutumia ule mbovu.

Alimrudisha kwa daktari kama mtu anayepeleka ushahidi. Daktari aliona haya. Alieleza kwamba mwayo haungoji amri ya mtu. Huenda unapita njia nyingine kabisa, na njia hiyo hakuna anayejua kuifungua kwa kutaka.

"Zile nyaya zilikuwa mfano tu, fundi. Nilitaka uelewe."

"Na mkono?"

"Sidhani utarudi."

Nyumbani Fyuzi aliomba radhi, na Mama Pacha akasema yamekwisha. Hayakwisha. Tangu siku ile, mwayo ukimjia, hugeukia ukutani upesi, akaukandamiza mkono mbovu kwa ule mzima, usije ukainuka mumewe akauona.