Hammou Aliyetuita Turudi Mtaa wa Stendi

Hammou Ouaziz aliuza harira, supu nzito ya dengu na nyanya, katika Mtaa wa Stendi tangu enzi za mabasi. Abiria wa kutoka milimani walishuka wameganda kwa baridi, na kabla hata ya kuulizia mizigo yao walilifuata sufuria lake. Mkewe, Rqia, ndiye aliyepika. Kazi ya Hammou ilikuwa kumimina na kuongea, na kwa kuongea hakuwa na mpinzani ila Qaddour, kinyozi wa duka la mkabala.

Hao wawili walinyonya ziwa moja. Mama yake Hammou alifariki akijifungua, na mama yake Qaddour, aliyekuwa jirani wa ua mmoja, akawalea wote pamoja. Kwa hiyo walikuwa ndugu, na walikuwa ndugu hasa: walitukanana mchana kutwa na jioni wakala sahani moja.

Kisha baraza la mji likahamishia stendi kwenye barabara kuu, nje kabisa ya mji, na mtaa wetu ukafa. Mimi fundi cherehani nikahamia soko jipya. Qaddour akapata kibanda kizuri karibu na msikiti wa vitongoji vipya, wateja wakimsubiri kwenye benchi. Hammou hakuhama. Alibaki akiwauzia supu wazee waliokuwa na makazi pale na wapita njia waliopotea.

Ndipo baraza likatangaza ruzuku. Yeyote atakayefungua biashara katika mtaa wa zamani atasaidiwa kutengeneza duka na kununua vifaa, na baraza lenyewe litautandazia mtaa mawe na kuweka taa. Hammou alilipokea tangazo lile kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Alifunga duka, akaanza kutuzungukia mmoja mmoja.

Nilikuwepo siku aliyomwendea Qaddour. Nilikuwa kwenye benchi nasubiri zamu yangu.

"Qaddour, funga haya mabati yako. Turudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Kule wanakotawala paka?"

"Baraza linatoa ruzuku, bwana! Mlango mpya, kioo kipya, kiti cha kuzunguka."

"Na wewe baraza limekuajiri lini? Mbona hujavaa tai?"

Tukacheka wote, hata mteja aliyekuwa na povu kidevuni, mpaka Qaddour akamshika kichwa asije akakatwa. "Hapa wateja ninao, Hammou. Kule nitamnyoa nani? Wewe? Nywele zako zenyewe zilishaondoka na mabasi."

Hammou hakucheka. "Mama alituusia tusiachane," alisema.

Qaddour aliacha kunyoa. "Usimwingize mama kwenye mambo ya baraza."

Lakini nilimwona alivyoutazama wembe mkononi mwake. Haikupita muda akamwachia kinyozi kijana kutoka mji wa Fes kibanda chake, akarudi. Nami nikarudi, na wengine kadhaa, kwa sababu ya mdomo wa Hammou.

Sitaki kumsingizia mtu: ruzuku ilitoka. Milango ilipakwa rangi ya buluu, na Qaddour akapata kiti chake cha kuzunguka, akamkalisha Hammou, akamzungusha mpaka akaomba msamaha. Rqia aligawa harira bure kwa mtaa mzima. Siku ile niliamini tumefanya jambo la akili.

Halafu mkandarasi akaja kuuchimba mtaa. Alianza na mabomba ya maji machafu, akafungua mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho wa mtaa, kisha akagombana na baraza kuhusu mkataba. Akaondoa mitambo yake, akatuachia shimo. Baridi ikaingia, na mvua zake. Milango yetu ya buluu ikabaki ikitazamana na tope, na ili kuvuka ilibidi upite juu ya mbao zinazoteleza.

Mimi niliponea chupuchupu, kwa kuwa nguo naweza kuzifuata majumbani kwa watu. Lakini nani avuke tope hadi magotini kwa ajili ya kunyolewa, wakati yuko kinyozi karibu na msikiti? Qaddour alikuwa akikaa ndani ya kile kiti chake kipya akitazama nje. Hammou alikwenda barazani asubuhi baada ya asubuhi, akaambiwa asubiri, akarudi na kutuambia tusubiri.

Siku moja Qaddour aliingia kwenye duka la harira akiwa na matope mpaka mapajani. Alikuwa ameteleza kwenye mbao.

"Nitazame," alimwambia Hammou. "Huku ndiko nyumbani ulikoniitia?"

"Vumilia, ndugu yangu. Mvua zikikatika—"

"Usiniite ndugu."

Rqia akashika bakuli. "Shemeji, keti kwanza ule. Utaumwa na baridi."

"Nimeshiba, Bi Rqia. Maneno ya mumeo yamenishibisha."

Akatoka. Kesho yake hakufungua duka.

Alikwenda kutafuta kibarua mashambani, kuchuma zeituni. Wachumaji hujikusanya alfajiri pale kwenye mzunguko wa barabara, gari la mizigo huja na kuwabeba wamesimama, wameshikana kama mafungu ya mbogamboga. Mtu aliyekuwa akinyoa madaktari na mahakimu akapanda gari lile.

Hammou alipojua, alianza kwenda pale mzungukoni na ndoo ya harira ya moto. Aliwamiminia wote bure, na bakuli la kwanza alimnyooshea Qaddour.

"Wape wengine," Qaddour alisema, akageuza uso.

Kila alfajiri jibu lilikuwa hilo hilo, na Hammou alirudi kila alfajiri. Hakuwahi kusikia neno lingine kutoka kwake. Asubuhi moja yenye ukungu gari lilipinduka kwenye kona ya mteremko. Walikufa wawili, Qaddour na mama mmoja wa vitongojini.

Hammou alifika msibani na kanzu safi na taulo mkononi, tayari kumwosha, maana ndugu ndiye anayeosha. Mjane, Tuda, akamtuma kaka yake mlangoni.

"Bwana Hammou, samahani sana. Dada anasema usiingie."

"Mwambie simwombi kitu. Nataka kumwosha tu."

"Nimemwambia. Amekataa."

Hammou alisimama nje ya ua ule alimolelewa, akiisikia sauti ya maji yanayomiminwa ndani. Nilimshika bega. Makaburini alifuata nyuma kabisa, nyuma hata ya watu wasiomjua marehemu.

Majira ya kuchipua yalipofika, baraza na mkandarasi wakapatana. Shimo likafukiwa, mawe yakatandazwa, taa zikawaka. Likaja duka la juisi, likaja la viatu, na jioni familia zikaanza kutembea katika mtaa wetu. Harira ya Rqia ikawa inaisha mapema. Duka la Qaddour likachukuliwa na muuza simu.

Mwenyekiti wa baraza alikuja na mpiga picha. "Huyu ndiye aliyeamini tangu mwanzo!" alisema akimkumbatia Hammou. "Simama hapa mlangoni, mzee wangu, watu wakuone."

"Piga picha mtaa, bwana mwenyekiti," Hammou alijibu. "Mtaa umependeza." Akaingia ndani.

Alimwendea Tuda kumwomba msamaha. Tuda hakumtukana. Alisimama mlangoni na nguo zake nyeupe za eda, akasema, "Sina ugomvi na wewe, Bwana Hammou. Hukukusudia. Ila nikikuona wewe, namwona yeye akitembea kwenye tope. Usije tena, tafadhali." Hakwenda tena. Rqia ndiye aliyempelekea sahani ya kuskusi kila Ijumaa, na Tuda aliipokea, mpaka alipohamia Meknes kwa binti yake.

Msichana mmoja aliyetaka kufungua duka la mikate alielekezwa na baraza aje kwa Hammou atiwe moyo. "Ami, niambie ukweli," alimwambia, "nije au nisije?" Hammou alimmiminia bakuli la harira. "Sijui, mwanangu," akamjibu. "Muulize mtu mwingine." Alikuja kuniuliza mimi. Nilimwambia aje, na anafanya vizuri.

Hammou alifariki baridi iliyopita, kwa mapafu. Tuda alisafiri kutoka Meknes, akaketi upande wa wanawake karibu na Rqia, na mke wangu alimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Laiti ningemwacha aingie siku ile. Mungu anisamehe, ningemwacha amwoshe." Rqia alimvuta, wakalia pamoja mpaka chai ya wageni ikapoa.

Tulitaka kumzika Hammou karibu na Qaddour, lakini upande ule wa makaburi ulikuwa umejaa. Yuko juu, karibu na ukuta, jirani na watu nisiowajua.