Posa ya Mwanamaji Kule Mwese

Jirani yangu hapa Mpanda, mjane wa miaka mingi, alistaafu jeshi la majini akiwa na cheo cha kamanda na medali mbili. Alipompenda mama mmoja wa Mwese, naye mjane, aliniomba niwe mshenga wake kwa sababu, alisema, sitamki jambo ambalo sijalihakiki.

Nilijiandaa wiki mbili. Nilimhoji, nikaandika utumishi wake wote kwenye daftari, mwaka kwa mwaka. Desturi humtaka mposaji abaki nyumbani, lakini yeye alipanda pikipiki pamoja nami, amevaa suti nyeupe yenye medali, endapo angeitwa. Tulipofika Mwese, vumbi lilikuwa limempa rangi ya tofali. Nikamwacha kwa rafiki yangu chini ya kilima, nikapanda peke yangu.

Aliyenipokea ni shangazi wa yule mama, mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile. Nilimsomea daftari kwa utaratibu.

"Medali ya kwanza ni ya nini?"

"Utumishi mrefu na tabia njema, mama."

"Mrefu kiasi gani? Miaka mingapi hakulala kwake?"

Ningeweza kusema michache. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nilikokuwa nimejumlisha. "Kumi na tisa na miezi minne."

Wanawake waliokuwa wakichambua maharage wakaacha.

"Na ya pili?"

"Aliokoa watu meli ilipozama."

"Meli yake?"

"Ya wengine. Yake haikuzama."

"Tunashukuru. Sisi huku tuna milima. Ana jembe?"

Nilipitia daftari lote. "Hana."

"Mshenga, umetumwa na yeye au na adui yake?"

Hapo yule mama anayeposwa akauliza kutoka jikoni, "Huko majini nani alikuwa anamfulia?"

"Alifua mwenyewe. Na kupiga pasi."

"Mwanaume huyo hajazaliwa," shangazi akasema, akavaa kandambili. "Nipeleke nikamwone."

Tulimkuta uani kwa rafiki yangu, amejifunga kitenge cha kuazima, anasugua koti ndani ya beseni. Akasimama wima, akapiga saluti yenye povu.

Shangazi alilichukua koti, akageuza ukosi, akaukagua pande zote mbili, akalirudisha ndani ya maji.

"Hapa bado," akasema. "Ukimaliza, njoo juu ule."