Magogo Yanayotetema

Kwetu mtoto hampi mkubwa mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anaweka kiganja utosini, basi, salamu imefika. Sasa mama yangu alipofuka uzeeni, na binti yangu alizaliwa hasikii. Kila tukienda kwake Mashuuru, mtoto anasimama mbele ya nyanya yake, kichwa chini, anangoja.

Siku moja nilisema, "Mama, mtoto yuko hapo mbele yako." Akanyoosha mkono, kidole kikamwingia mtoto jichoni. Tangu hapo mama anakunja mikono ndani ya shuka. Nikijaribu kuushika mkono wake niuweke mwenyewe, ananifokea: "Mimi si mtoto wa kushikwashikwa!" Hasira zangu mlifikiri nilizirithi kwa nani? Mtoto naye akichoka kungoja anaenda zake kwa mbuzi. Iliniuma, wacha tu.

Mimi ni mchongaji, niko na banda langu hapa Kitengela. Mwaka jana nikatengeneza magogo ya vimo tofauti, kila moja limewambwa ngozi ya mbuzi juu, spika iko ndani. Ukiweka kiganja, gogo linalia: mvua kwa mabati, maziwa yakikamuliwa, kengele za ng'ombe. Asiyeona asikie, asiyesikia ahisi ngozi ikitetema. Jirani yangu, mama wa Kisomali mwenye duka la nguo, alichungulia akasema, "Wallahi, huyu amerukwa na akili." Kesho yake akarudi na watoto wake wote.

Siku ya kufungua maonyesho nilifunga kamba kutoka gogo hadi gogo, ndiyo mama aweze kutembea peke yake.

"Na usinifuate," akaniambia.

Haya. Nikabaki mlangoni, nimejiuma midomo. Kwa gogo la mvua alicheka: "Hii ni mvua ya kweli, si manyunyu!" Kwa kengele alisimama, akauliza kwa ukali, "Ng'ombe wa nani hawa wanatembea bila mchungaji?" Watu wakafurahi. Mimi nilikuwa naangalia mbele yake.

Binti yangu alikuwa ameshagundua njia yake ya kusikiliza. Aliinamia gogo la mwisho, paji la uso limelala juu ya ngozi, macho amefunga, anakunywa ule mtetemo. Mama akafika. Mkono ukaacha kamba, ukatafuta gogo, ukatua kichwani mwa mtoto.

"Hili limeharibika," mama akatangaza. "Halilii."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Usitoe mkono, mama, niliomba, tafadhali usitoe. Mtoto hakuinuka, kiganja utosini alijua ni cha nini. Vidole vikapita juu ya nywele zilizosukwa, vikashuka, vikafika sikioni, vikakwama hapo.

"Takwenya," mama akamsalimia kwa lugha yetu, polepole.

Hakuna aliyejibu "Iko," na mama hakungoja kujibiwa. Alileta na mkono wa pili. Mtoto akaanza kuinuka taratibu, mikono ya nyanya ikiwa bado kichwani, akainuka, akazidi kuinuka, hadi viwiko vya mama vikafika usawa wa mabega. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikalia kama mjinga, kwa raha tu. Ai, Mungu wangu, nilikuwa nimechoka.

Mama akageuza uso upande wangu, akanigombeza mbele ya watu wote:

"Kumbe amerefuka hivi! Na hakuna mtu ameniambia?"